Wanafunzi wa sekondari na utafiti wa afya kijijini: yaliyotukuta mwaloni (uzi mrefu)

#1 Mwalimu wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi nafundisha Biolojia shule ya kata karibu na mwalo, yaani ufuko wa kutua mitumbwi, huku kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Nina jambo limenikaa moyoni mwaka mzima, naomba nilimwage hapa. Nitaandika kwa vipande kwa sababu ni refu na mtandao wa huku mnaujua.

Kila ikifika wiki ya afya, simu inapigwa shuleni: "Mwalimu, andaa watoto." Maana yake andaa ngonjera, andaa kwaya, sare ziwe safi, waimbe habari za kunawa mikono na za kutoingia ziwani kwa ajili ya kichocho, mgeni rasmi apige makofi, soda zigawiwe, watu watawanyike. Nimeandaa watoto hivyo kwa miaka. Ngonjera sizikatai, zina kazi yake. Ila mwaka jana, baada ya sherehe, msichana mmoja wa Form Three alinifuata ofisini akaniuliza: "Mwalimu, tumewaimbia watu wasiingie ziwani. Sasa maji wachote wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Kalitafuteni." Nilisema ili niendelee kusahihisha madaftari. Yeye na wenzake kumi na moja wa klabu ya afya waliondoka nalo kweli, na wiki iliyofuata walirudi wakitaka karatasi na kalamu.

Kwa wasiokijua kichocho cha huku kwetu: siyo kile cha kukojoa damu ambacho watu wa pwani wanakifahamu. Chetu kinakaa kwenye mishipa ya tumboni. Mayai yanatoka na choo kubwa, yakifika majini yanaanguliwa, kijidudu kinaingia ndani ya konokono mdogo mwenye ganda bapa, kama kipande cha kamba iliyozungushwa juu ya meza. Baada ya wiki nne hadi sita hivi konokono anaanza kutoa vijidudu vingine, maelfu, vyenye mkia uliogawanyika panda. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya mtu aliyesimama majini, na mara nyingi huvihisi. Mtu anaishi navyo miaka, tumbo linauma, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, hadi siku ini na bandama vimevimba na anatapika damu.

Mambo haya yote yamo kwenye silabasi. Wanafunzi wangu wanachora huo mzunguko kwa penseli vizuri kabisa, mishale yote mahali pake, na jioni wanaenda kuoga palepale.

Naendelea chini.

#2 Kijana wa Nansio

Nimeweka kambi hapa. Mwalimu usituache njiani, mimi nimekulia Ukerewe na hilo la kuchora mzunguko halafu kwenda kuoga umenisema mimi mwenyewe.

#3 Mwalimu wa Mwaloni

Naanza na kosa, na kosa ni langu.

Tulitengeneza dodoso. Jina la mkuu wa kaya, watu wangapi, wana choo au hawana, kuna mtoto aliyewahi kutoa damu kwenye choo. Nikawagawa wawili wawili, Jumamosi wakaingia kitongojini. Mapokezi yalikuwa makubwa. Huku kwetu mtoto akikuamkia shikamoo na unajua ni wa kwa fulani, unamvutia kigoda, unamuuliza bibi yake anaendeleaje, na ukishamuuliza habari za bibi yake huwezi kumnyima jibu la choo. Walirudi na karatasi zimejaa. Nilifurahi sana, nikaona sasa tumefanya utafiti.

Jumatatu asubuhi mama mmoja alikuja shuleni. Hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni pa ofisi, kanga ameikaza kifuani, akasema: "Mwalimu, umemtuma mtoto wa jirani yangu aje ahesabu umaskini wangu." Kumbe jioni ileile ya Jumamosi, mwaloni, habari zilishaenea kwamba nyumba yake haina choo. Aliyeulizia alikuwa mtoto wa mlango wa pili. Hakuwa na nia mbaya, alisimulia kwao tu kama mtoto anavyosimulia alivyoshinda.

Nilimwomba radhi. Nikawaita wale kumi na wawili, tukachukua makaratasi yote, tukayachoma nyuma ya jiko la shule, yeye akiwa amesimama na anaangalia. Kisha mimi na mwenyekiti wa kitongoji tulipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Ilituchukua siku mbili.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu semina zote nilizohudhuria zinasifia kwamba mwanafunzi "anaaminika na jamii". Ni kweli anaaminika, na hatari imekaa hapohapo. Mtafiti wa kutoka mjini akiondoka anaondoka na siri yako kwenye gari. Mtoto wa jirani halali mbali na siri hiyo, analala nayo nyumba ya pili. Kwa hiyo ukitaka kumpa mwanafunzi daftari la utafiti, mfundishe kwanza kufunga mdomo, na wewe mwalimu usiulize swali ambalo jibu lake linaweza kumuaibisha mtu.

Tukaanza upya. Hakuna jina, hakuna nyumba, hakuna kuuliza choo cha mtu. Swali likawa moja tu: nani anaingia majini, saa ngapi, kufanya nini? Na hilo halihitaji kumuuliza mtu. Unakaa, unaangalia, unahesabu.

Tuliomba ruhusa kwa mtendaji wa kijiji na kwa kamati ya BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwaloni, tukaeleza wazi kwamba watoto watakaa chini ya mwembe na kuhesabu watu bila kuandika jina la yeyote. Karatasi ilikuwa na mistari ya saa kushuka chini, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na safu za kazi kuelekea kulia: kuchota, kufua, kuoga, kuogelea, kuvua, kunywesha ng'ombe. Mtu akiingia unachora kijiti. Vijiti vitano unavifunga. Watoto, vijana na watu wazima kila mmoja na rangi yake ya kalamu.

Siku ya kwanza tu picha ilijitokeza. Asubuhi vijiti vichache vya kuchota. Kuanzia saa tano karatasi inaanza kujaa, na saa sita hadi saa nane pamebanana kabisa: akina mama wanafua, watoto wadogo wanaogelea pembeni yao. Halafu jioni panajaa tena, wavuvi na vijana wa shule.

Wakati huohuo kundi la pili lilikuwa na konokono. Hapa naomba mwalimu anayesoma asikimbilie kuiga bila tahadhari. Mabuti, glovu ndefu, chujio lenye mpini mrefu, na mkono usiguse maji. Tuliwaweka konokono mmojammoja kwenye glasi yenye maji ya mvua, tukaziweka juani nyuma ya karatasi nyeusi. Glasi nyingi hazikuonyesha kitu, na watoto walianza kuchoka. Karibu saa saba mvulana mmoja aliyekuwa na lenzi ya mkono akaita kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Kwenye glasi yake kulikuwa na nukta nyeupe, nyingi, zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka. Walipeana ile lenzi bila kusukumana, jambo ambalo darasani sijawahi kuliona.

Sikuwaambia kwamba hiki ndicho kichocho, maana siyo kila kinachotoka kwa konokono ni cha binadamu. Vingine ni vya ndege na wanyama, na kuvitofautisha kunahitaji mtaalamu na hadubini nzuri. Niliwaambia hivyohivyo. Maji yote tuliyachemsha kabla ya kumwaga.

Halafu yule msichana wa swali la kwanza akachukua karatasi ya vijiti, akaangalia saa yake ya mkononi, akaangalia glasi, akasema: "Mwalimu, ni saa zilezile."

Ni kweli. Vijidudu vya kichocho cha tumbo hutolewa kwa wingi jua linapokuwa kali, katikati ya mchana. Hilo limeandikwa vitabuni miaka mingi, na mimi mwalimu wao nilikuwa nimelisoma chuoni. Lakini hakuna aliyekuwa ameliweka kando ya ratiba ya mama zao.

#4 Mzazi Kwanza

Mwalimu, nakuheshimu na nimesoma yote. Lakini acha niseme kama mzazi. Mwanangu yuko Form Three pia. Mwakani ana mtihani wa taifa, kuna mock ya wilaya, kuna mock ya mkoa, kuna pre-nasheno. Nalipia na masomo ya ziada. Jumamosi yake unamkalisha chini ya mwembe ahesabu watu wanaofua? Na nimeona miradi ya namna hii, watu wanakuja na fulana na kofia, wanawatumia watoto kukusanya takwimu bure, ripoti inaandikwa, watoto wanabaki na kofia. Shule ni ya kusoma.

#5 Mwalimu wa Mwaloni

Mzazi mwenzangu, asante kwa kusema wazi. La kofia nakuunga mkono bila kupunguza neno. Mtoto akikusanya takwimu za mtu mwingine, kwa swali la mtu mwingine, na matokeo asiyaone, huyo ni kibarua asiyelipwa, hata ukimwita balozi wa afya. Ndiyo maana kwetu swali lilitoka kwa mwanafunzi, karatasi zimebaki shuleni, na waliosimama kutoa matokeo ni wao.

Kuhusu muda: Jumamosi mbili kwa muhula, nusu siku kwa kila mwanafunzi, wanapokezana, na mzazi anasaini kwanza. Asiyesaini mwanawe haendi na hakuna anayemuuliza kwa nini. Na nikuambie nilichokiona darasani. Mada ya kupanga data, jedwali, grafu, kosa la kuhesabu mara mbili, nilikuwa naifundisha kwa mifano ya kitabuni na nusu ya darasa wanasinzia. Mwaka huu walibishana wenyewe kwa wenyewe kama mtu aliyetoka majini akarudi ahesabiwe mara moja au mara mbili. Walibishana hadi kengele ikalia. Siwezi kukuahidi daraja la kwanza, ila hicho nilikiona kwa macho yangu.

#6 Nesi wa Zahanati

Naomba nichangie kutoka upande wa dawa. Mimi ni muuguzi, zahanati ya kijijini, siyo mbali sana na anakotoka mleta uzi.

Wazazi wengi wanadhani mtoto akishamaliza darasa la saba basi kichocho kimemalizana naye. Kingatiba, yaani dawa inayogawiwa kwa wote bila kupima mmoja mmoja, kwa miaka mingi imelenga shule za msingi, watoto wa miaka 5 hadi 14. Huyu wa sekondari anayechota maji na kwenda kuvua dagaa usiku amekuwa akirukwa, na baba yake mvuvi ndiyo kabisa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 na zaidi, dawa ianzie kwa mtoto wa miaka 2 hadi watu wazima. Mwongozo ni kitu kimoja na dawa kufika kijijini ni kitu kingine, lakini ni vizuri mjue kwamba mwanafunzi wa sekondari naye anahesabika.

Dawa ni prazikwanteli. Vidonge vikubwa, vichungu. Idadi yake tunapima kwa fimbo ya urefu, mtoto anasimama tunasoma, kuanzia kidonge kimoja kwa mdogo hadi vitano kwa mtu mrefu. Ale kwanza. Narudia, ale kwanza. Na dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kubaki, na mtu akirudi majini anaambukizwa upya.

Kwa nini nasema ale kwanza mara mbili? Wakubwa mnakumbuka mwaka 2008, mkoani Morogoro. Watoto waligawiwa dawa shuleni, wakapata kichefuchefu na maumivu ya tumbo, wengine wakazimia, uvumi ukaenea kwamba watoto wanauawa, wazazi wakavamia shule na kazi ikasimama. Dawa ilikuwa ileile tunayoitumia hadi leo. Pengo lilikuwa kwenye maelezo. Mtoto aliyemeza hakujua anameza nini wala atajisikiaje, kwa hiyo hakuwa na la kumwambia mama yake.

Mwaka huu kabla ya kingatiba klabu ya Mwalimu ilipita shule mbili za msingi kueleza. Mtoto mmoja akauliza, "Kaka, wewe ulipomeza ulitapika?" Mwanafunzi wa klabu akamjibu, "Ndiyo, kidogo, halafu ikaisha." Mimi na sare yangu nyeupe sina namna ya kutoa jibu kama hilo.

#7 Mpemba Halisi

Assalaam aleikum jamaa. Huku kwetu visiwani kichocho ni kile cha mkojo, konokono wake ganda limesimama kidogo, wanakaa mitoni na kwenye madimbwi, baharini hawapo. Kuanzia mwaka 2011 mpaka 2017 kulikuwa na kazi kubwa Unguja na Pemba ya kutaka kukiondoa kabisa. Dawa mara mbili kwa mwaka kwa shehia (mitaa yetu) zote, shehia nyengine wakapulizia dawa ya kuua konokono, na shehia nyengine wakatumia elimu ya kubadili tabia.

Hiyo ya tatu ndiyo inayonasa uzi huu. Waalimu wa skuli na waalimu wa vyuo vya Kurani walifundishwa pamoja, jambo nililolipenda sana, kwa sababu mtoto wetu asubuhi yuko skuli na jioni yuko chuoni, ukimfundisha upande mmoja umemfundisha nusu. Kukawa na Siku ya Kichocho, watoto wakawekewa michezo ya kucheza nchi kavu badala ya kwenda mtoni, yakajengwa mabaraza ya kufulia na vyoo vya kukojolea ili mtoto asikojoe majini. Yaani hawakuambiwa "usiende" tu. Waliulizwa wanakwenda kufanya nini, kisha kikatafutwa cha badala.

Maradhi yalishuka sana. Hayakumalizika, yamebaki kwenye vituo vichache vyenye ukaidi. Nalisema hili ili mtu asidhani elimu ya watoto peke yake ni dawa. Ilikwenda sambamba na vidonge, na bado kazi ipo.

#8 Mkazi wa Kilifi

Mwalimu, salamu kutoka Kenya, pwani. Huku Kilifi tuko na kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza tangu 1989, kwa hivyo sisi tumeishi na watafiti maisha yetu yote. Nataka niongeze kitu kuhusu kuaminiana.

Nikiwa mdogo, gari la utafiti likipita watoto walikuwa wanakimbia. Watu walisema wale wanachukua damu wakauze, wengine wakasema ni mambo ya mashetani. Usicheke, haya yameandikwa na watafiti wenyewe. Mtu anakuja, anamtoa mtoto wako damu, anaenda nayo, wewe huoni inakoishia. Ungefikiria nini?

Wakaanzisha mpango wa kushirikisha shule za upili. Wanafunzi wanapelekwa maabara, wanaona chupa ya damu inaingia wapi na inatoka vipi, wanauliza watafiti maswali ana kwa ana. Wanaomaliza Form Four na alama nzuri, baadhi wanachukuliwa wafanye kazi na watafiti kwa muda kabla ya kwenda chuo. Mwana wa dadangu alienda ziara hiyo na shule yao. Jioni nyanyake akamuuliza, "Wanainywa?" Akamwambia, "La, nyanya, wanaiweka kwenye friji yenye baridi kuliko barafu, ina namba, haina jina." Nyanya akanyamaza. Kwa nyanya yetu, kunyamaza ni kukubali nusu.

Kwa hivyo kwangu faida si kwamba mwanafunzi anamfunza mtafiti au mtafiti anamfunza mwanafunzi. Ni kwamba kuna mtu mmoja nyumbani ambaye ameona kwa macho.

#9 Mzee wa Redio

Wanangu, nimesoma mpaka hapa nikaona niandike.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana, tukawa na kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mnakaa, redio moja, kitabu kimoja, mnasikiliza kipindi, kisha mwenyekiti wa kikundi anauliza: haya, kwetu hapa hali ikoje? Mnajadili, mnaamua, siku inayofuata mnachimba choo. Kwenye kikundi chetu wazee wengi hawakujua kusoma. Aliyesoma kitabu kwa sauti alikuwa mtoto wa shule. Nilikuwa mimi.

Nakumbuka ukurasa wa malaria, mzee mmoja akanisimamisha akasema, "Rudia hapo, mwanangu, polepole." Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Kipindi cha redio kilikuwa kifupi. Mazungumzo ndiyo yalikuwa marefu. Siku hizi nasikia matangazo ya afya mazuri sana, lakini hakuna anayeuliza "kwetu hapa hali ikoje".

#10 Ticha Biolojia Dodoma

Nimefurahi sana na uzi huu. Maswali matatu ya haraka, Mwalimu. Moja, je hii ni "utafiti" kweli au ni kazi ya darasa tu? Mbili, gharama. Tatu, hujatuambia mwisho: kijiji kiliambiwa nini na kikafanya nini? Huku kwetu hakuna ziwa, nawaza kufanya kwenye trakoma, ule ugonjwa wa macho, na maji ya kunawa uso.

#11 Mwalimu wa Mwaloni

Kwanza, Mzee wa Redio, shikamoo. Maneno yako nimeyasoma darasani leo asubuhi, natumaini hutanikasirikia. Mpemba, Mkazi wa Kilifi, Dada Nesi, asanteni sana.

Ticha, la kwanza. Kuhesabu watu bila majina na kutazama konokono, sisi tumeliita zoezi la klabu, na uongozi wa kijiji ulijua. Lakini siku utakapotaka mkojo, kinyesi, damu, au kumuuliza mtu habari za ugonjwa wake, hapo umevuka mstari. Huo ni utafiti wa afya wenye sheria, kibali kinatoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), mtoto wa chini ya miaka 18 mzazi anasaini na mtoto mwenyewe anaulizwa kama amekubali. Hilo usilifanye peke yako. Tafuta watafiti, wao walete kibali, wewe ulete watoto wenye maswali.

Na usidhani mchango wa mwanafunzi ni mdogo kwa sababu hajashika hadubini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Kilosa, watafiti walipeleka madodoso mashuleni kupitia ofisi za elimu, walimu wakawauliza wanafunzi wameumwa nini siku za karibuni. Watoto waliosema "kichocho" na "damu kwenye mkojo" waliwezesha kujua ni shule zipi zina tatizo kubwa, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na kupima kila mtoto. Njia hiyo ilienda kujaribiwa nchi nyingine za Afrika. Ilianza na neno la mtoto wa Kilosa, na mwalimu wake akaliandika.

Kwa trakoma, nakushauri uanze na macho, yaani kuangalia. Maji yanatoka wapi, yanafika nyumbani saa ngapi, yanaisha kwa kazi gani, uso wa mtoto unanawishwa lini. Wanafunzi wahesabu safari za ndoo, wasihesabu macho ya watu.

Gharama: karatasi, kalamu za rangi tatu, glasi kumi na mbili nilizoazima kwa wake wa walimu wenzangu (tulizichemsha na hatukuzirudisha jikoni, tulinunua nyingine), mabuti mawili ya kupokezana, glovu kutoka zahanati, lenzi mbili zilizokuwepo maabara.

La tatu ndilo refu.

Mkutano wa kijiji ulitupa dakika ishirini. Wanafunzi walibandika karatasi kubwa, saa kushuka chini, vijiti vyenye rangi, na upande wa pili wamechora jua linavyopanda. Waliamkia, wakaeleza, wakamaliza kwa kusema: tunaomba watu wachote na wafue asubuhi mapema, maana hatari inapungua, ingawa haiishi.

Mama mmoja akanyoosha mkono. Yuleyule aliyekuja ofisini. Moyo ulinipiga. Akasema kwa utulivu: "Mwanangu, hiyo asubuhi unayoisema mimi niko shambani. Nikitoka shamba ndipo nafua, nguo zikauke kabla jua halijashuka, watoto wapate ya kuvaa kesho. Umenihesabu vizuri, ila hujaniuliza kwa nini."

Wanafunzi walitazamana. Yule msichana, nashukuru alikuwa yeye, akamjibu: "Mama, ni kweli hatukuuliza. Tunaomba tukuulize sasa." Akageuza karatasi nyuma akaanza kuandika, pale pale mbele ya watu, na akina mama wakaanza kusema mmoja baada ya mwingine. Dakika ishirini zilikuwa saa moja na nusu, mwenyekiti aliacha tu.

Kutoka kwenye maneno yale ndipo likazaliwa la mapipa. Vile vijidudu vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu. Maji yaliyochotwa bila konokono, yakafunikwa na kukaa siku mbili nzima, kwa upande wa kichocho yamekuwa salama kufulia na kuogea. Ya kunywa bado yanachemshwa, hilo tunalirudia kila mara. Mvulana mmoja akasema kama nyumba ina pipa moja haliwezi kulala siku mbili, litatumika. Lakini nyumba tatu zikiunganisha mapipa yao, linatumika la juzi, yanalala la jana na la leo. Wakayaandika kwa chaki: Juzi, Jana, Leo. Kila asubuhi mtoto wa kwanza kuamka anafuta na kuandika upya.

Nyumba sita zimeanza, makundi mawili. Siyo kijiji kizima. Kundi moja lilivunjika mwezi wa pili kwa ugomvi wa nani anachota, likarudi baada ya wao wenyewe kupanga zamu. Na kuchota kwenyewe bado mtu anaingia majini, hilo hatujalipatia jibu. Wamemwandikia diwani barua kuuliza habari za bomba, barua wameandika wao, mimi nilisahihisha nukta na mikato tu. Jibu halijaja.

Jumamosi hii tunakaa tena chini ya mwembe na karatasi mpya. Tumeongeza safu moja upande wa kulia, ni nyembamba, na juu yake wameandika: "Kwa nini saa hii?" Safari hii anayeijaza siyo anayehesabu. Yule mama amekubali kukaa nao, ndiye atakayeuliza.

Nikirudi Jumapili nitaweka hapa picha ya karatasi, bila nyuso za watu.